Sauti Iliyonaswa ni ya Nani?

Katika maswali ya haki ambayo vyombo vya zama zetu vimetuletea, liko moja linaloonekana dogo mpaka litazamwe kwa karibu. Mtu amenunua tikiti kwa fedha yake, ameingia uwanjani, ameketi mahali pake. Mfukoni mwake, au chini ya kiti, kipo chombo cha kunasa sauti. Muziki uanzapo hukifungua. Muziki ukomapo hukifunga. Arudipo nyumbani huwa amechukua vitu viwili: kumbukumbu, ambayo hapana mtu awezaye kumnyang'anya, na ukanda, ambao pengine hapana mtu aliyempa ruhusa kuwa nao. Kumbukumbu ni halali yake. Je, ukanda nao ni halali yake?

Wako watakaosema kuwa swali hili limekwisha jibiwa na sheria. Ni kweli kwamba Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa waimbaji na wapiga ala uwezo wa kuzuia maonyesho yao yasinaswe bila ya radhi yao, na kwamba Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo kwa nchi nzima mwaka 1994. Lakini sheria hutuambia ni tendo gani litakaloadhibiwa. Haituambii kila mara ni tendo gani lililo dhuluma. Yako mambo mengi yasiyoadhibiwa ambayo mwungwana hayatendi, na yako machache yaadhibiwayo ambayo mwungwana huyatenda bila ya kuona haya. Nataka kulitazama jambo hili upande wa uungwana; upande wa mahakama nawaachia wenye kazi yao.

Mfano ninaouchagua uko mbali na pwani yetu, nao ni wa muziki wa roki, ambao pengine wasomaji wengi wa kurasa hizi hawaupendi. Sitawaomba waupende. Nawaomba wawatazame watu wa vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Uingereza, ambavyo vyote viwili vilifikia jubilei ya miaka 50 vikaiadhimisha mbele ya umati, na ambavyo katika jambo hili la kunasa sauti vilishika njia mbili zilizopingana.

Kikundi cha kwanza ni Grateful Dead, kilichoanza California mwaka 1965. Tabia yake kubwa ilikuwa kutopiga wimbo mmoja kwa namna moja mara mbili. Wimbo kwao ulikuwa kama mlango wa kuingilia. Wakisha ingia, walikwenda kokote ambako vidole na masikio vilikubaliana kwenda, na wakati mwingine walipotea njia mbele ya maelfu ya watu. Katika muda wa miaka 30 walifanya maonyesho yapatayo 2,300. Santuri walizozitoa hazikutosheleza kiu ya mashabiki wao, kwa sababu santuri ni moja na maonyesho ni maelfu, na mwenye kuupenda usiku fulani asingeupata dukani. Basi mashabiki wakaanza kunasa. Mwanzoni walinasa kwa siri, waya zikiwa zimefichwa nguoni. Baadaye, walipoona kuwa hawafukuzwi sana, walisimamisha milingoti ya maikrofoni mbele ya fundi wa sauti mpaka milingoti ile ikawa kama msitu, na fundi akawa haoni jukwaa vizuri. Mwezi wa Oktoba 1984, katika ukumbi mmoja wa Berkeley, kikundi kikatoa uamuzi: palitengwa mahali nyuma ya fundi wa sauti, zikauzwa tikiti za peke yake kwa watu wenye vinasa sauti, na msitu ukahamishiwa huko.

Ruhusa ile ilikuwa na sharti moja lililofahamika na kila mtu: ukanda hauuzwi. Aliyeutaka alipeleka kwa posta kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, naye mwenye ukanda akamnakilia. Lilikuwako hata jarida, Relix, lililoanzishwa mwaka 1974, ambalo asili yake ilikuwa kuwaunganisha wenye kanda na wenye kuzitaka. Jerry Garcia, mpiga gitaa ambaye watu walimwona kuwa kiongozi ingawa yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo, alijulikana kwa rai yake kwamba muziki ukisha pigwa kazi ya mpigaji imekwisha, na mwenye kuutaka na auchukue.

Kikundi cha pili ni King Crimson, kilichotokea mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1969 huko London. Wapigaji wake wamebadilika mara nyingi. Aliyedumu tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja, Robert Fripp, mpiga gitaa, mtu mwenye nidhamu kali ambaye hupiga ameketi juu ya kibago. Fripp amekuwa adui wa miaka mingi wa kinasa sauti kilichofichwa na wa kamera. Hoja yake haikuwa ya fedha tu. Alishikilia kwamba mwenye kunasa bila ya idhini huchukua kisichokuwa chake, na zaidi ya hayo huiharibu hadhara yenyewe, kwa kuwa aliyekuja kuchukua si mtu mmoja na aliyekuja kupokea. Katika ziara ya jubilei ya miaka 50, mwaka 2019, wasikilizaji waliombwa waziweke simu zao mpaka mpiga gitaa la besi, Tony Levin, atakapoinua kamera yake mwenyewe mwisho wa onyesho. Ndipo na wao wangepiga picha. Naiona desturi ile kuwa na adabu nzuri: mwenyeji hula kwanza tonge moja, wageni wakajua kuwa sufuria imeruhusiwa.

Wako wengine waliolinda haki hiyo kwa mikono kuliko kwa hoja. Inasimuliwa kuwa meneja wa Led Zeppelin, huko Vancouver mwaka 1971, aliona mtu ana chombo cha kunasa, akaamuru kivunjwe. Ikabainika kuwa kilikuwa chombo cha watumishi wa serikali waliokuja kupima makelele. Kisa hiki chachekesha, wala hakitusaidii kufikiri.

Sasa tuzisikilize hoja za mwenye ukanda. Ya kwanza ni kwamba amelipa. Hoja hii ni dhaifu, kwani tikiti hununua kuwako, kama nauli inunuavyo safari isinunue gari. Ya pili ina nguvu zaidi. Asema: sikupunguza kitu. Aliyeiba ng'ombe amemwacha mwenye ng'ombe bila ng'ombe. Mimi nimenasa sauti ambayo ilikwisha kufika sikioni pangu kwa halali, na mwimbaji amebaki na koo lake, wimbo wake, na fedha ya kiingilio. Kimepotea nini?

Wengi hujibu kwa kutaja mauzo ya santuri, nami naona kuwa jibu hilo halifiki mbali. Shabiki anasaye usiku mzima wa kikundi chake, aghalabu, ndiye aliyekwisha nunua santuri zote kabla ya jirani zake. Kilichopotea ni kitu kingine, nacho ni haki ya kosa kufa. Kila mtu afanyaye kazi mbele ya hadhara, awe mwimbaji, mhubiri, au malenga katika majibizano, huthubutu kwa sababu anajua kuwa kujikwaa kwake kutasahauliwa. Hujaribu sauti ya juu asiyo na yakini nayo. Hukatiza wimbo njiani akaingia mwingine. Iwapo kila jaribio litanaswa na kuhifadhiwa, likasikilizwa na watu wasiokuwako, walioketi makwao na kalamu mkononi, hima ataacha kujaribu, atapiga leo kama alivyopiga jana, na mwenye kinasa sauti atakuwa ameunasa uoga alioupanda mwenyewe. Sisi walimu twalijua jambo hili. Tangu simu za wanafunzi zianze kukaa juu ya madawati zikiwa zimefunguliwa masikio, mhadhiri huwaza mara mbili kabla hajasema neno ambalo bado analitafakari. Na mhadhiri asiyesema ila lile alilokwisha kulihakikisha anaweza kuleta kitabu darasani akaenda zake.

Hiyo ndiyo hasara, nayo ni kubwa. Ndiyo sababu naona kuwa ruhusa ya mwaka 1984 haikuwa jambo dogo la utaratibu wa viti. Watu wale walizoea kupotea njia hadharani, kisha wakakubali upotevu wao uandikwe. Hiyo ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Hapana mtu mwingine awezaye kuitoa kwa niaba yake. Ukarimu wa Garcia haumfungi Fripp. Shabiki asemaye, mbona wale waliruhusu, ni kama mgeni asemaye, mbona nyumba ya pili nilipewa chakula.

Lakini ipo hoja ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwenye ukanda asema: mimi ni shahidi.

Msomaji huenda hajui kuwa santuri zitolewazo na makampuni kwa jina la onyesho la hadhara mara nyingi zimetengenezwa baadaye. Sauti iliyokosea huimbwa upya katika chumba cha kurekodia; gitaa lililochelewa hurekebishwa; makofi huongezwa au hupunguzwa. Sisemi kuwa huo ni udanganyifu, kwani mwenye kazi ana haki ya kuing'arisha kazi yake. Nasema kwamba kitu kilichong'arishwa hakiwezi kutumika kuwa ushahidi wa namna kilivyokuwa. Shabiki aliyeketi safu ya 20 hana cha kurekebishia wala sababu ya kurekebisha. Anaambatisha sikio lake na saa yake, basi.

Jambo hili lina uzito wa peke yake katika jubilei. Jubilei ni sherehe ambayo watu huja wakitaka waambiwe kuwa hapana kilichobadilika. Mwaka 2015, miaka 50 tangu Grateful Dead kuanza na miaka 20 tangu Garcia kufa, wanne waliokuwa wamesalia wakati ule walikusanyika kwa maonyesho matano, mawili Santa Clara katika California, tarehe 27 na 28 Juni, na matatu Chicago katika uwanja wa Soldier Field, tarehe 3, 4 na 5 Julai. Phil Lesh, mpiga besi, alikuwa na umri wa miaka 75. Mickey Hart, mpiga ngoma, miaka 71. Mpiga ngoma mwenziwe Bill Kreutzmann, miaka 69. Bob Weir, mpiga gitaa, miaka 67. Mahali pa marehemu palisimama Trey Anastasio wa kikundi cha Phish, kijana kwa kulinganishwa nao. Chicago walijaa watu zaidi ya 70,000 kila usiku. Kampuni ilitoa mkusanyo wa maonyesho yale kabla ya mwaka kwisha, na mkusanyo ule ni mzuri: kila ala yasikika mahali pake kama vyombo vilivyopangwa kabatini.

Ukanda wa shabiki ni kitu kingine. Humo muziki hautoki kwenye ala. Watoka kwenye uwanja. Wafika umechelewa kidogo, umegonga kuta, umepita juu ya vichwa vya watu. Sauti za wazee zasikika za wazee. Karibu na maikrofoni yupo mtu aimbaye asiyejua kuimba, na mwingine aulizaye mwenziwe jambo lisilohusu muziki. Mwishoni mwa usiku wa tarehe 5 Julai, wapigaji walimaliza kwa wimbo wa kale wa Buddy Holly, Not Fade Away, wakaondoka jukwaani, umati haukunyamaza. Uliendelea kuimba kiitikio na kupiga makofi ya wimbo ule hata wapigaji wakarudi. Katika santuri ya kampuni umati ni pazia la nyuma. Katika ukanda wa shabiki wapigaji wameondoka na umati ndio mwimbaji, nao umezunguka chombo pande zote.

Hapo swali letu lageuka kidogo. Sauti ile ya makofi ni ya nani? Haikuwa ya kikundi, kwani kikundi kilikuwa nyuma ya jukwaa. Haikuwa ya mwenye kinasa sauti. Ilikuwa ya watu 70,000 ambao hapana aliyewaomba idhini, si shabiki wala kampuni. Twazungumza sana juu ya haki ya aliye jukwaani kwa sababu jina lake limeandikwa mlangoni. Yule aimbaye vibaya karibu na maikrofoni naye ana haya yake, lakini hapana mkataba uliomtaja. Naona basi kuwa onyesho si mali ya mtu mmoja ambayo wengine huitazama. Hufanywa na pande mbili, na kila upande wachukua kitu cha mwingine.

Sisi wa fani ya ushairi hatuna budi kuikumbuka hapa deni yetu wenyewe kwa wasikilizaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake tulizo nazo twazidai shukrani kwa watu waliozisikia wakazishika kifuani, kisha kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya miaka mingi baada ya kifo cha mshairi na kumpa W. E. Taylor, hata zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Muyaka hakuulizwa. Ziko tungo zake za kejeli za siku moja, zilizomlenga mtu mmoja, ambazo pengine angependelea ziondoke na siku yake. Hata hivyo, ni nani kati yetu atakayesimama darasani aseme kuwa wale walioshika walitenda vibaya?

Na Fripp mwenyewe hakuepukana na deni la namna hii. Kampuni yake imewatolea mashabiki, kwa miaka mingi, maonyesho ya zamani ya King Crimson, na baadhi ya maonyesho hayo hayakuwa na ukanda mwingine duniani ila ule ulionaswa na msikilizaji. Kitu kilichokatazwa mlangoni kilikuja kupokewa ukumbini, kikasafishwa vumbi, kikatiwa jina. Adui zake humcheka kwa hilo. Mimi simcheki, kwani naona kuwa tendo lake lauliza swali gumu kuliko kicheko: shukrani ya leo yaweza kuihalalisha ghasibu ya jana?

Nadhani haiwezi. Mtu akiingia shambani kwa mwenziwe usiku bila ya ruhusa, akakuta kibanda kinaungua akauzima moto, mwenye shamba atamshukuru kwa kuzima. Hamshukuru kwa kuingia, wala yeye mwenyewe hakuingia kwa ajili ya kuzima. Matendo mawili yamekutana katika mtu mmoja na usiku mmoja, na wema wa moja hauufuti ubaya wa lingine. Anasaye leo bila ya radhi kwa kutumaini kuwa wajukuu watamsifu anakopa juu ya fedha ya watu wasiozaliwa.

Walakini ukanda ukisha kuwako, uwe umepatikana kwa ruhusa au bila ya ruhusa, lugha yetu ina neno ambalo huamua mambo vizuri kuliko neno mali. Neno hilo ni amana. Mwenye amana hukishika kitu asiwe nacho. Hauzi, habadilishi, akiombwa na mwenyewe hurudisha, na kama ndani ya kitu hicho imo aibu ya mwenyewe, huifunika. Mashabiki wa Grateful Dead, ambao wengi wao hawakujulikana kwa ucha Mungu, walizishika sehemu kubwa za kanuni hizi bila ya kufundishwa na mtu. Hawakuuza. Walioheshimika miongoni mwao waliandika juu ya jalada aina ya maikrofoni na chombo, na kizazi cha ukanda. Maana kila nakala ya kaseti ilipoteza kidogo, ikawako kanda mama, na binti yake, na mjukuu, na kitukuu aliyejaa mvumo kama mvua juu ya bati. Kumpa mtu kitukuu ukamwambia ni binti kulihesabiwa uongo mkubwa.

Hata hivyo mwaka 2005 walionyesha jinsi amana igeukavyo. Kanda nyingi zilikuwa zimewekwa katika maktaba ya intaneti iitwayo Internet Archive, ambako kila mtu aliweza kuzichukua. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba kikundi kilitaka uchukuaji ule ukomeshwe. Kelele zilizopigwa na mashabiki zilikuwa kubwa kiasi ambacho baada ya siku chache kanda za wasikilizaji ziliruhusiwa tena kuchukuliwa, na zile zilizotoka moja kwa moja katika mitambo ya fundi wa sauti zikabaki za kusikilizwa tu. Mgawanyo ule wa mwisho nauona kuwa wa haki. Nisichokipenda ni ile ghadhabu ya kwanza. Watu waliopewa bure kwa miaka 20 walisema kuwa wamenyang'anywa. Walikuwa wamekaa na kitu muda mrefu hata wakasahau kuwa walikabidhiwa.

Limebaki jambo moja ambalo kanuni hizi haziliamui, nami nimelizunguka mara nyingi.

Onyesho la mwisho la Garcia lilikuwa tarehe 9 Julai 1995, katika uwanja ule ule wa Soldier Field, Chicago. Alikuwa mtu wa miaka 52 mwenye mwili wa mzee: alikuwa na kisukari, na moyo uliochoka, na dawa za kulevya alizopambana nazo kwa miaka mingi. Sauti ilikuwa imekonda. Maneno ya nyimbo alizoziimba nusu ya maisha yake yalimponyoka. Mashabiki walinasa, kama walivyonasa kila usiku, kwa ruhusa yake mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti, alifariki.

Ruhusa ile ilikuwa ya kweli. Lakini aliitoa mwaka 1984, alipokuwa mtu aliyeweza kupotea njia na kuirudia. Je, ilimfunga yule wa 1995, ambaye hakuweza? Ahadi ya mzima yaweza kumtoa mgonjwa mbele za watu? Akili yangu yasema kuwa mtu ni mmoja na neno lake ni moja, na kwamba kama tukiruhusu ugonjwa kutengua kila ahadi hapatabaki ahadi. Moyo wangu hauridhiki. Najua kwamba ukanda ule waweza kuchezwa na mtu mwenye huzuni kwa kumwaga machozi yake, na waweza kuchezwa na mtu mwingine karamuni ili watu wasikie jinsi nguli alivyoanguka, na ukanda hauwezi kumtambua achezaye. Kuufuta ni kumnyima mwandishi wa historia shahidi wake. Kuutangaza ni kumvua marehemu nguo. Ningeuhifadhi, nisiutangulize, ningempa mwenye kuuliza, nisimpe asiyeuliza. Sina hakika kuwa jibu hili latosha katika zama ambamo kila kitu kimekwisha wekwa mahali pa kila mtu.

Wimbo wa mwisho alioongoza Garcia usiku ule ulikuwa Black Muddy River. Baada yake kikundi kilipiga mmoja tu, Box of Rain, ambao mwimbaji wake alikuwa Phil Lesh. Aliutunga zamani, kwa maneno ya Robert Hunter, wakati baba yake alipokuwa mgonjwa wa kufa. Huo ndio wimbo ulioko mwisho kabisa wa ukanda ule wa 1995, na baada yake wasikika umati ukitoka. Tarehe 3 Julai 2015 wale wanne walipopanda jukwaani katika uwanja ule ule, wa kwanza waliopiga ulikuwa Box of Rain.